Mji wa Kilimani Uko Mbele ya Mazeras

Keti na vijana wa Bamburi, Mtongwe au Magongo jioni yoyote, utaje neno safari, uone simu zitakavyotoka mifukoni. Ni Italia tu. San Gimignano na minara yake. Civita di Bagnoregio imekaa juu ya jiwe kama kofia, na daraja moja jembamba la kuingilia. Vichochoro vya mawe, maua dirishani, paka kalala ngazini. Grupu ya WhatsApp imeshafunguliwa, ina jina zuri, ina watu kumi na wanne, ina mpango wa siku kwa siku: miji minne kwa siku tatu. Kitu kimoja tu haina, nauli. Hata ya mtu mmoja.

Sina ugomvi na Italia. Aende anayeweza, tena aniletee picha. Lakini tuhesabu kama watu wazima. Tangu Juni 2024, ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili, na ukinyimwa hurudishiwi hata ya soda. Hapo hujatafuta taarifa za benki, bima, barua ya mwajiri, tiketi na mahali pa kulala. Mtaliano naye akitaka kuja Malindi au Watamu anajaza fomu mtandaoni, anapanda ndege, na akifika anakuta vijana wetu wanamwamkia kwa Kitaliano. Mlango huu umefunguka upande mmoja. Kulalamika kuhusu mlango huo ni haki yetu. Lakini kukaa mbele yake miaka mitano, huku umeupa mgongo mlango wa nyumba yenu, hapo ndipo ninapokasirika.

Hebu jiulize, ni nini hasa kinakuvuta kwa hiyo miji ya vilimani? Ni kwamba watu wa zamani walikimbilia juu kwa kuogopa adui. Walizungushia ngome, wakaweka lango, wakapanga nani apite na nani abaki nje. Kisha wakati ukapita, watu wakateremka, na mji ukabaki na kumbukumbu zake.

Sawa. Kitu hicho Pwani kina jina. Kinaitwa kaya.

Kaya za Mijikenda ni vijiji vilivyozungushiwa ngome ndani ya misitu, vingi vikiwa juu ya vilima na matuta nyuma ya pwani hii yetu. Simulizi za wazee zinasema watu walishuka kutoka Shungwaya wakikimbia vita, wakatafuta mahali pa juu penye msitu mnene na njia chache za kuingilia. UNESCO, ilipoziandika kaya hizi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilisema zilianza karne ya 16 na zikahamwa kufikia miaka ya 1940, na kwamba zimetapakaa kama kilomita 200 kandokando ya pwani. Orodha ni ileile iliyo na San Gimignano. Sisi hapa tunapita chini yake kila siku ndani ya matatu, muziki juu, macho kwenye simu tukitazama Toscana.

Na sisi wa bara, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ndio hasa hatuna kisingizio. Tumezoea kuambiwa historia iko kisiwani. Historia ni Fort Jesus, historia ni Mji wa Kale, sisi wengine ni watu wa kulala na kuamkia kazini. (Na hiyo Fort Jesus, kwa wanaotaka Italia kwa nguvu, ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, ikaanza kujengwa 1593. Haya, mmeshafika Italia, shukeni.) Ukweli ni kwamba kila upande wa bara una njia yake ya kutokea, na hakuna hata moja inayokulazimu kuvuka kwenda kisiwani.

Wa Likoni, foleni ya feri waachieni wenyewe. Pandeni gari la Ukunda, kisha mshike njia ya Kinondo. Kaya Kinondo inapokea wageni tangu 2001, na wenye kaya ndio wanaotembeza watu. Utafungwa kaniki kiunoni, utaambiwa usichume jani na usipige kelele, na utafuata. Wa Kisauni, njia ni moja hadi Mtwapa, kwenye Jumba la Mtwana. Hapo hakuna kilima, nakubali, ni ufukweni kabisa. Lakini ni mji wa mawe wa karne ya 14, na nyumba, visima na misikiti, uliohamwa kabla Mreno hajaonekana baharini.

Wa Changamwe ndio mmebarikiwa. Jomvu, Miritini, Mazeras, kisha unaacha barabara ya Nairobi na kupanda ya Kaloleni. Hewa inabadilika, minazi inakuja, na umefika Rabai. Huu ndio mji wetu wa kilimani, na kwa visa unawashinda wa Toscana wengi. Krapf na Rebmann walifungua kituo chao cha misheni hapa mwaka 1846. Hapa ndipo Rebmann alipoondokea mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, akaenda akaona theluji ya Kilimanjaro, na mabwana wa jiografia Ulaya waliokaa kwenye viti vyao wakamwita muongo. Vitabu vya shule vinaishia hapo, kwa Wazungu wawili na theluji.

Lakini Rabai ilikuwa pia kimbilio la watoro, watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakapanda kilima usiku. Mabwana zao walipokuja kuwadai mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya IBEA ililipa fidia, na watoro zaidi ya elfu moja wakapewa karatasi za uhuru. Na kabla ya misheni na kabla ya watoro, Warabai walikuwa tayari na kaya zao msituni. Nauli ya hadithi hiyo yote, kwenda na kurudi, ni ya matatu mbili tu.

Ninajua jibu lenu. "Huko ni magofu tu, hakuna kitu." Haya, na San Gimignano kuna nini? Ilikuwa na minara kama sabini, imebaki kumi na minne. Iliyobaki unauziwa kwa maneno. Civita di Bagnoregio Wataliano wenyewe wanaiita mji unaokufa, kilima kinamomonyoka chini yake, na bado tangu 2013 mgeni analipa kiingilio ili auone ukifa. Wenzetu hawana mawe yanayozidi yetu. Wameamua tu kwamba mawe yao yana maana, wakaweka benchi, mkahawa, na mtu wa kusimulia. Kwetu unakuta kibao kimefutika, hakuna pa kununua hata mahamri, na saa kumi na moja umeshaonyeshwa saa. Hilo ni kosa la wenye ofisi, na walijibu wao. Serikali ikisema "utalii wa ndani" inamaanisha hoteli ya Diani, bwawa na buffet. Haimaanishi wewe na mimi na nauli yetu ya matatu.

Ila nasi tuna letu. Pale Kengeleni, watu maelfu hushuka kila siku, na jina la stendi wamelifanya kama namba tu. Kengele gani? Ni kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachiwa huru kilichoanzishwa 1875, na inasimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya wenyeji kila wateka watumwa walipokaribia. Mnara uko palepale kando ya barabara. Kama hujawahi kuvuka lami kuutazama, Toscana utaenda kutazama nini?

Si suala la picha tu. Mahali pasipo na watu wa kupaendea hupata watu wa kupachukua. Misitu ya kaya imekatwa miti, imemegwa viwanja. Vigango, zile nguzo za mbao Wagiriama wanazowasimamishia wazee wa Gohu waliofariki, viling'olewa mabomani, vikauzwa kwa watalii, vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa 2007, na vingine vikafuata baadaye. Mnunuzi alivuka bahari akaja akaona kina thamani. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa kilomita thelathini kutoka hapo, tukisema hakuna kitu. Na siku mtu atakapoleta tingatinga na hati ya kupikwa, mzee wa kaya atasimama peke yake, kwa sababu kijana wa Changamwe hajui hata pale ni wapi, achilia mbali pana thamani gani.

Kwa hivyo vunjeni ile grupu, ama ipeni kazi. Chagueni mahali pamoja kwa siku moja. Miji minne kwa siku tatu ni kukimbia tu, hata huko Italia. Piga simu kwanza, maana kaya si bustani, ina wenyewe, na kuna siku hawapokei wageni. Vaa nguo ya heshima. Ukiambiwa usipige picha, usipige. Beba maji na chakula. Beba pesa taslimu umlipe anayewatembeza, mlipe vizuri, na usimkate bei uliyokuwa tayari kulipa mara kumi kwa kahawa ya Roma. Muulize anachokumbuka yeye, si kilichoandikwa kwenye kibao tu.

Kisha ukitaka Italia, nenda. Huko nako watakuuliza umetoka mji gani na una nini. Mtu wa Changamwe akijibu "fukwe", atakuwa amewasaliti watoro elfu moja na zaidi waliopanda kile kilima gizani.