Kwa Nini Daktari Hakushona Jeraha?



Samadi ni chakula cha mimea. Lakini ndani ya samadi na udongo mna vijidudu vingi. Vikiingia katika jeraha, vinaweza kuua mtu.

Mkulima anaangukiwa na mkokoteni. Mfupa wa mguu unavunjika na kutoboa ngozi. Udongo unaingia ndani. Anapelekwa hospitali. Daktari anaosha jeraha kwa maji mengi safi ya chumvi. Anakata nyama iliyokufa. Anaunyosha mfupa na kuushikiza usicheze. Kisha anafunga bandeji tu, hashoni.

Ndugu wa mgonjwa wanakasirika. Wanasema, "Daktari ametupuuza. Tumrudishe mgonjwa nyumbani."

Msifanye hivyo! Jeraha safi, kama lile la kupasuliwa na daktari, hushonwa siku hiyo hiyo. Jeraha chafu ni jambo jingine. Likishonwa upesi, uchafu hufungiwa ndani. Vijidudu vingine hustawi mahali pasipo na hewa. Usaha hukosa njia ya kutoka. Nyama huoza, na mfupa pia huoza. Mwishowe mguu hukatwa, au mtu hufa.

Madaktari walijifunza jambo hili kwa taabu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, askari wengi walijeruhiwa katika mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji. Mashamba hayo yalikuwa yametiwa samadi kwa miaka mingi. Majeraha yaliyoshonwa upesi yalioza. Basi madaktari wakaanza kukata nyama iliyokufa, kuliacha jeraha wazi, na kulishona baadaye.

Wewe mkulima unajua kazi hii. Hupandi mbegu juu ya magugu. Kwanza unasafisha shamba.

Baada ya siku chache daktari hutazama tena. Jeraha likiwa safi, hulishona. Likiwa bado chafu, huliosha tena. Ngozi haivutwi kwa nguvu, maana ngozi iliyokazwa sana hukosa damu ikafa. Ikiwa ngozi haitoshi, daktari huweza kuchukua ngozi nyembamba ya paja na kuziba pengo.

Kumbuka mambo haya:

Mtu akivunjika hivyo, funika jeraha kwa kitambaa safi. Usitie majivu, mavi ya ng'ombe wala dawa ya majani. Funga mguu kwa vijiti usicheze. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, apate dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda.

Akiwa hospitali, mwacheni mpaka daktari amruhusu. Kama hamwelewi daktari, mwulizeni.

Akirudi nyumbani, jeraha lisilowe maji. Asikate nyuzi kwa wembe. Nyuzi za mguu hutolewa hospitali, kwa kawaida baada ya wiki 2 hivi.

Ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe unaozidi au homa, usingoje siku ya miadi. Mrudishe mgonjwa hospitali leo.