Kazi ya Kuwatafutia Wengine Kazi

Vijana wa Kilwa na Lindi waliomaliza masomo hutuuliza kama yafaa kuomba kazi katika kampuni za uwakala wa ajira. Hatuwezi kuwajibu kwa neno moja, kwani kazi hii si ngeni katika nchi yetu.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda chombo cha kuwatafutia vibarua, kikaitwa SILABU. Makarani wake walifika hata Songea, iliyokuwa ndani ya Jimbo la Kusini, wakiandika watu wa kwenda mashamba ya mbali. Aliyeandikwa alipewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Karani alivaa nguo safi, akashika kalamu, akalipwa bila kukata jani hata moja la mkonge. Lakini mtu asiporudi kutoka Tanga, jamaa zake walimwuliza karani, si mwenye shamba.

Faida za leo hatuzidharau. Kijana atajifunza sheria ya kazi, atafahamiana na waajiri, atazoea kumsikiliza mtu anayejieleza kwa hofu. Tangu gesi ya Songo Songo ilipoanza kutumika mwaka 2004, anayemjua fundi hodari wa kuchomea vyuma pale Kivinje, na kumjua anayemhitaji, ni mtu wa manufaa.

Taabu imo katika hesabu. Karani apimwaye kwa idadi ya vichwa, mwezi ukielekea mwisho, hamwoni tena binti wa Lindi anayetaka utumishi wa nyumbani huko Oman. Aona namba moja iliyopungua. Mkataba husomwa mbiombio, saa za kazi hazitajwi. Hapo umanamba umerudi, ijapokuwa ofisi ina feni na kompyuta. Twamjua mmoja ambaye siku hizi huzungukia ufukweni ili asipite mbele ya nyumba ya jirani yake.

Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni zilizowakataza mawakala kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Ilikuwa haki, maana mfanyakazi alikuwa na mabwana wawili, na kila mmoja akimwelekeza kwa mwenziwe. Lakini kanuni haikai mezani pamoja na karani.

Basi kijana, kabla ya kutia sahihi, na aulize: Je, nitalipwa mshahara au kwa kichwa? Je, mtafuta kazi atatozwa? Je, nina ruhusa ya kumwambia mtu, “Usiende”? Akinyimwa jibu la swali hilo la tatu, na aombe kazi mahali pengine, hata kwa mshahara mdogo.