MAMBO YA NYUMBANI: Kuchagua Mtambo wa Kuchuja Kahawa

Uganda ni nchi ya kahawa, lakini nyumba zake nyingi hunywa chai. Robusta ni mmea wa asili katika misitu ya huko, arabika hulimwa katika miteremko ya Mlima Elgon na Rwenzori, na tangu zamani Waganda walitafuna buni katika sherehe ya kufunga udugu. Hata hivyo, kahawa ya kunywa inapopatikana kabatini, aghalabu ni ile ya mkebe, inayoyeyuka katika maji ya moto. Kwa hiyo mtambo wa umeme wa kuchuja kahawa unapoingia katika nyumba ya askari, huingia kama mgeni ambaye wenyeji hawajajua tabia zake. Wengine huununua mjini baada ya kuweka akiba kwa miezi. Wengine hurejea nao kutoka kazini ng'ambo. Na yapo majumba ambamo mtambo huo haukumaliza hata msimu mmoja wa mvua.

Sababu ya kwanza ya vifo hivyo ni umeme wenyewe. Umeme wa Uganda ni wa volti 240. Mtambo uliotengenezwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120. Ukichomekwa moja kwa moja, nguvu inayopita ndani yake haiwi mara mbili, bali mara nne: mtambo wa wati 900 hujaribu kuvuta wati 3,600, na kwa muda mfupi tu fyuzi yake hukatika au koili huungua. Transfoma ya kushusha umeme yaweza kuuokoa, lakini yenye uwezo wa kutosha kwa kifaa cha kuchemshia maji ni nzito, tena huenda ikawa ghali kuliko mtambo wenyewe. Basi kabla ya kulipa, mnunuzi na aupindue mtambo asome kibandiko cha chini. Kikisema 220 hadi 240, hakuna shaka. Ule ulionunuliwa Kigali au Bujumbura utakuwa na plagi ya pini za mviringo. Hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa volti zake zinafaa, na fundi aweza kubadili plagi.

Baada ya volti, yafaa kujua mtambo unavyofanya kazi, maana anayejua hilo hadanganyiki kirahisi dukani. Mtambo wa kawaida hauna injini wala pampu. Maji hutoka katika tangi, hupita katika vali ndogo inayoyaruhusu kwenda upande mmoja tu, kisha huingia katika bomba la alumini lililoshikamana na koili chini ya bamba la moto. Yanapochemka, mapovu huyasukuma juu kupitia bomba jembamba, kama vile uji unavyopanda na kuinua kifuniko cha sufuria. Juu huko hunyunyizia unga wa kahawa, na kahawa hudondoka katika jagi. Maji yakiisha, joto la koili hupanda, swichi ya joto huukata umeme, kisha huurudisha kila bamba linapopoa. Ni hayo tu. Mtambo wa namna hii, ulioitwa Wigomat, ulipewa hataza Ujerumani mwaka 1954, na iliyo mingi inayouzwa leo haijatoka mbali na mpango huo.

Kwa hiyo saa ya kuuwasha mtambo alfajiri, vitufe sita na taa za rangi haviongezi utamu wowote katika kikombe. Huongeza vitu vya kuharibika. Umeme ukikatika usiku, saa hiyo hurudi kwenye sifuri na haimwamshi mtu. (Baba wa nyumba aghalabu huvutiwa na vitufe; mama huuliza nani atakayeuosha. Swali la mama ndilo bora.) Ulio imara una swichi moja ya kuwasha na kuzima, tangi ambalo mkono waweza kuingia na kulisugua, na kikapu cha chujio kinachotoka chote.

Jambo la kuulizia sana ni jagi. Kioo ndicho kinachotangulia kuvunjika, hasa katika nyumba yenye watoto na beseni moja la kuoshea vyombo. Muuza duka na aulizwe kama jagi la akiba linapatikana peke yake. Akisema halipo, mnunuzi ajue kwamba ananunua mtambo ambao maisha yake ni maisha ya kioo hicho. Kuna mitambo yenye kizibo chini ya kikapu, kinachofunguka tu kikisukumwa na kifuniko cha jagi lake. Ukiweka chombo kingine kisicholingana, kizibo hakifunguki, na kahawa hufurika mezani. Usio na kizibo hicho ni bora kwa nyumba ya kambi: jagi likivunjika, birika la bati lenye kimo kinachofaa litakaa mahali pake.

Hali kadhalika chujio. Mwanamke wa Dresden, Melitta Bentz, ndiye aliyepata hataza ya chujio la karatasi mwaka 1908, baada ya kujaribu kwa karatasi ya daftari la mwanawe. Karatasi hizo husafisha kahawa vizuri, lakini mbali na miji mikubwa huwa adimu. Mtambo unaokuja na chujio la wavu la kuosha hauitegemei posta. Kitambaa cheupe cha pamba kilichoshonwa kwa umbo la kikapu kinafaa pia, mradi kioshwe kwa maji matupu. Sabuni huacha harufu isiyotoka.

Unga usagwe kadiri ya chembe za sukari. Ukitwangwa ukawa laini kama wa mahindi, maji hushindwa kupita. Gramu 55 hadi 60 hutosha lita moja.

Sasa maradhi. Katika nyumba zilizozoea kuchemsha chai pamoja na maziwa, mtu asiyeelezwa humimina maziwa katika tangi. Maziwa huungua katika bomba, huziba vali, na harufu yake haiondoki kamwe. Tangini yaingie maji tu. Nayo maji, hasa ya visima virefu vyenye chumvichumvi, huacha ukoko wa chokaa ndani ya bomba, kama ule wa ndani ya birika. Dalili zake ni mtambo kunguruma kupita kawaida, kutoa mvuke mwingi na kuchukua muda mrefu. Dawa ni siki nyeupe: sehemu moja ya siki na mbili za maji, mtambo uwashwe hadi nusu ipite, uzimwe nusu saa, kisha iliyobaki imaliziwe. Maji safi yapitishwe mara mbili baadaye.

Mtambo ukizimika kabisa, yamkini fyuzi ya joto iliyo chini ya bamba imekatika. Bei yake ni ndogo, na fundi aweza kuweka nyingine yenye kipimo kile kile cha joto. Lakini wapo mafundi ambao huunganisha waya mbili na kuiruka fyuzi hiyo, na mtambo hurudi kazini siku ile ile. Hapo pana hatari kubwa. Swichi ya joto ikishindwa siku moja, hakuna tena kitu cha kuizuia koili, na plastiki iliyo juu yake huanza kuyeyuka na kuwaka. Katika kambi ambako nyumba zimepangwa safu moja, ukuta kwa ukuta, moto huo hauwi wa mwenye mtambo pekee. Fundi asiye na fyuzi ya kipimo hicho aambiwe aurudishe ukiwa mbovu.

Kahawa ikiisha kudondoka isikae juu ya bamba zaidi ya nusu saa, kwa maana huchacha na kuwa chungu. Imiminwe katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, mtambo uzimwe, plagi ichomolewe. Askari wa zamu ya usiku atakunywa kutoka chupa hiyo hata saa nane.

Na nyumba ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara yaweza kuacha mtambo kabisa ikanunua kikapu cha chujio peke yake, cha kuweka juu ya birika. Maji huchemshwa juu ya sigiri na kumiminwa kwa mkono, kidogo kidogo. Kahawa hutaka maji ya nyuzi 92 hadi 96. Mjini Kampala, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na nyuzi 96, na Kabale karibu na 94. Kwa hiyo huko hakuna haja ya kuyangojea yapoe. Yamiminwe mara tu yanapotoka motoni.