TUSISOME AYA MOJA TUKAACHA YA PILI



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zetu wanafunzi, wazazi na walezi. Mwaka huu baadhi ya wanafunzi wetu walituletea daftari la aya za Biblia “zinazogongana”, wakitaka kwenda nazo shuleni kuwanyamazisha wenzao Wakristo. Ya kwanza ilikuwa Kutoka 20:5, kwamba Mungu huadhibu makosa ya baba hadi kwa wajukuu na vitukuu. Mbele yake wameandika Ezekieli 18:20, kwamba mtoto habebi dhambi ya baba.

Tuliwauliza: je, Kutoka 20:6 mmeisoma? Walikuwa hawajaisoma. Aya hiyo inataja rehema kwa maelfu wampendao Mungu, na ile ya 5 inazungumzia wanaomchukia. Mkristo anayekijua kitabu chake atajibu hivyo, na kijana wetu atabaki hana la kusema.

Na sisi je? Katika Surat Al-Hijr, aya ya 49 inataja msamaha na rehema za Allah, na aya ya 50 inataja adhabu Yake. Mtu akiishika ya 50 peke yake, akasema Mungu wa Waislamu hana huruma, tutasema ametudhulumu. Basi tusimfanyie mwenzetu tusilopenda kufanyiwa.

Hatusemi mlingano wa dini uachwe. Ngariba Mussa Fundi na Mohammed Ali Kawemba waliandika “Uislamu katika Biblia” miaka ya 1980, na wahubiri wengi wamefuata njia hiyo. Tunachosema ni kwamba hoja iwe ya kweli. Qur’an katika Al-An’aam 164 inafundisha kuwa kila nafsi itabeba mzigo wake yenyewe. Ezekieli 18 inafundisha jambo hilo hilo. Hapo ndipo pa kumwuliza Mkristo, kwa upole: ikiwa ni hivyo, dhambi ya Adam imetufikiaje sisi, na kwa nini mwingine afe kwa ajili yake?

Al-Ankabut 46 inatuamrisha tujadiliane na Watu wa Kitabu kwa njia iliyo nzuri. Hapa Kwa Mathias tunaishi nao ukuta kwa ukuta, tunauguzana na kuzikana. Anayeshinda mjadala kwa hila humpoteza jirani, na da’wah yake haisikilizwi tena.

Wabillahi tawfiq.