KUTA ZETU ZISEME

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wote wenyeji wa Lubumbashi,

Tazameni kuta za komini zetu, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi. Mnaona nini? Chupa ya bia, na rangi za kampuni za simu. Hatuwachukii wenye maduka; biashara lazima iite wateja. Lakini mtoto anayekwenda shule asubuhi anapita mbele ya kuta hizo zote, na ni mara ngapi anakutana na uso wa babu yake aliyechimba shaba ya mji huu?

Wako wanaosema kwamba kuchora ukutani ni mchezo wa vijana, au ni desturi ya kigeni. Wanakosea. Mwaka 1926, pale Bukama, mtumishi mmoja wa Leta ya Wabelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro. Ilikuwa kazi ya Albert Lubaki. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, naye Lubaki akachora, na mke wake Antoinette vilevile. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Angalieni safari hiyo. Kazi iliyokuwa ukutani, mbele ya macho ya majirani, iligeuzwa karatasi, na karatasi ikavuka bahari. Ulaya walimsifu Lubaki. Hapa Katanga, ni wangapi wanaolijua jina lake?

Jambo hilo lilirudi tena hapa hapa mjini. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mwaka 1947, alikuwa fundi wa picha aliyejiita mwandishi wa historia. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yetu, karibu picha mia moja, akamweleza mwalimu Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Alichora ukoloni, alichora Lumumba, alichora pia wafanyakazi waliouawa wa Union Minière. Tangu mwaka 1981 hivi hajulikani alipo. Na picha zile ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Zimetunzwa vizuri, na tunashukuru. Lakini mchimbaji wa Ruashi atapata wapi nauli ya kwenda kutazama habari za baba yake?

Ndiyo sababu tunasema: turudi ukutani. Picha ya ukutani haiingii katika sanduku la msafiri. Haidai tikiti. Asiyejua kusoma anaisoma, na mzee anasimama mbele yake akamfundisha kijana.

Watu weusi wa Marekani walifanya hivyo. Mwaka 1967, huko Chicago, mafundi weusi walichora ukuta mzima wa nyumba moja katika mtaa wa watu wao. Waliweka mashujaa waliowachagua wenyewe, Malcolm X, Muhammad Ali na wengine, wakauita Ukuta wa Heshima. Nyumba iliungua mwaka 1971, kisha ikabomolewa. Hata hivyo miji mingine ilikuwa imekwisha kuiga mfano, na kuta za namna hiyo zikaenea.

Mtu atatuuliza: picha inajaza sufuria ya bukari? Haijazi. Lakini sikilizeni. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mshahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu, na Léonard Mpoyi alikuwa mmoja wa waliokufa. Mfanyakazi asiyejua habari hiyo atadhani kila faranga iliyoongezwa ilikuwa zawadi ya mkubwa. Anayeijua atadai haki yake bila kuona haya.

Basi, wandugu, tuanze kwa utaratibu. Kila mtaa uchague ukuta mmoja, na mwenye nyumba aombwe ruhusa kwa heshima. Wazee waulizwe kwanza, wanawake pamoja na wanaume, maana mama waliolisha kambi nao walijenga mji huu. Majina na miaka yahakikishwe kabla ya rangi kufunguliwa, kwa kuwa kosa lililoandikwa ukutani linasomwa na watu wote. Na fundi alipwe. Tusimsifu kwa mdomo tu, halafu tumwache auze picha mlango kwa mlango kwa bei ya mkate.

Sisi makarani tunajua methali hii vizuri: mali bila daftari huisha bila habari. Shaba yetu imetoka kwa miaka zaidi ya mia moja, na kila tani iliandikwa. Watu walioichimba nao waandikwe, kwa rangi, mahali ambapo kila mpita njia atawaona.