Kengele Iliyofichwa Mfukoni

Muuzaji alinifundisha upesi namna ya kukopa salio; juu ya tahadhari za dharura, kimya. Nimezikuta mwenyewe, chini kabisa ya mipangilio. Kwazo mnara waweza kuonya simu zote zilizo jirani mara moja, bila kujua namba ya mtu, wala onyo halikwami kama ujumbe mfupi mtandao unapoelemewa. Uingereza waliijaribu nchi nzima tarehe 23 Aprili 2023, zikalia hata simu zilizonyamazishwa. Sisi tope lilishuka Katesh alfajiri ya tarehe 3 Desemba mwaka uo huo. Nani anayemfundisha mwananchi jambo hili? Msiniambie wazee hatufundishiki. Nimefundisha walimu, najua somo lisilofundishwa. Simu yangu, nawaambieni, ilikuwa imezimwa kengele hiyo tangu dukani.