Taa ya Mgeni

Sikukuu huheshimiwa kwa mambo manne: chakula, mavazi, salamu na nuru. Katika hayo, la nne ndilo linaloharibiwa zaidi, tena na watu wenye nia njema. Mwezi wa Desemba, jamaa waliotawanyika mijini warejeapo kwao, na vilevile usiku wa Idi, nyumba nyingi huwashwa taa kama ghala linalolindwa na askari. Balbu moja kali huning'inia katikati ya dari. Barazani vitaa vya rangi huwaka na kuzimika bila kupumzika. Wageni huketi chini ya mwako huo wamekunja nyuso. Mwenyeji hufurahi kwamba nyumba yake yaonekana toka barabarani. Lakini, msomaji, mgeni hakualikwa barabarani. Ameitwa ndani.

Nasema wazi kwamba desturi hii ni mbaya, na yafaa iachwe. Taa ya sikukuu ni haki ya mgeni, si tangazo la mwenyeji.

Itazame kazi ya nuru. Taa iliyo juu ya kichwa hutia kivuli chini ya nyusi, pua na kidevu. Uso mpole huonekana mkali, na uso wa mzee huonekana umechoka. Taa iliyo kando, kwa kimo cha mtu aliyeketi, hupunguza vivuli hivyo na kuyafunua macho. Rangi nayo ina maana yake. Juu ya kasha la balbu aghalabu huandikwa namba pamoja na herufi K. Namba 2700 ni nuru ya manjano, yenye kukaribia ile ya moto. Namba 6500 ni nuru nyeupe yenye ubuluu, kama ya mchana wa mawingu. Hii ya pili yafaa mahali pa kazi. Ile ya kwanza, mahali pa mazungumzo.

Wako watakaonijibu: "Mwalimu, wazee wetu walikaa gizani kwa lazima. Leo tumepata umeme, nawe wataka turudi kwenye koroboi?" La hasha! Koroboi ilitia moshi vifuani mwa watoto, na moto wake uliunguza nyumba. Aliyetoka gizani ana haki ya kuipenda nuru. Lakini chumvi pia ni njema, wala hatuimimini yote chunguni. Jikoni penye kisu na mafuta ya moto, ngazini, na njiani kwenda chooni, nuru na iwe tele. Bibi mwenye macho dhaifu naye aketishwe karibu na taa, mradi isimpige machoni.

Wengine watasema hili ni shauri la matajiri. Si kweli. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa nuru ikaribiayo ile ya balbu ya zamani ya wati 60. Basi taa mbili ndogo pembeni hazimfilisi mtu. Na nyumba yenye taa moja tu ya nguvu ya jua yaweza kuielekeza kwenye ukuta mweupe; ukuta utairudisha nuru chumbani ikiwa laini. Ila usiifunike balbu kwa kitambaa wala karatasi, kwa maana joto lake laweza kuwasha moto. Wala usiweke mshumaa karibu na pazia.

Pengine waliona jambo hili kuwa dogo. Fikiri basi: mjomba amesafiri kutwa kwa basi, na hamtaonana naye tena mpaka mwakani. Ugomvi wa shamba wangoja kusuluhishwa, na habari za babu zangoja kusimuliwa. Maneno kama hayo hayatoki kwa urahisi mbele ya nuru imkabiliyo mtu kama mshtakiwa. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji atapona vipi, ikiwa mgeni ameaga mapema kwa kuumwa na macho?

Kazi hii, mwanafunzi, yakufaa wewe uliye nyumbani likizoni. Kabla wageni hawajabisha hodi, keti mahali atakapoketi mgeni, utazame atakachokiona. Taa ikikuumiza wewe, itamwumiza na yeye. Ihamishe.